Mke wa Staa: Tumpe Pole au Tumwache na Pesa Zake?

Mada ya mdahalo ni hii: "Wake na waume wa wanamichezo matajiri hawastahili kuonewa huruma kwa matatizo yao." Nimeipeleka katika klabu za afya za sekondari kadhaa hapa bondeni, kuanzia Mang'ula mpaka Ifakara mjini, na kila mahali wanaounga mkono wanashinda, tena kwa vifijo. Hoja zao sasa nazijua kwa kichwa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Yule dada ana gari, ana nyumba ya ghorofa, ana mtu wa kumfulia. Mama yangu anapalilia mpunga miguu ikiwa majini tangu alfajiri, mbona hakuna gazeti linaloandika shida zake? Mvulana mmoja alimaliza hivi: "Kama ana machungu, alie ndani ya benzi lake." Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka.

Lakini tuichukue mada hiyo tuitazame polepole, maana ndani yake yamo mambo ya afya na ya sheria yanayomhusu hata asiyejua jina la mchezaji yeyote. Chukua daftari lako.

BINGWA NA MKEWE

Samuel Wanjiru alizaliwa mwaka 1986 huko Nyahururu, Kenya, katika familia maskini. Akiwa na miaka 15 alikwenda Japani kusoma na kukimbia. Agosti 2008, kwenye Olimpiki ya Beijing, akawa Mkenya wa kwanza kushinda medali ya dhahabu ya marathoni. Alitumia saa 2, dakika 6 na sekunde 32, na rekodi hiyo ya Olimpiki ilidumu mpaka Paris mwaka 2024. Mwaka 2009 alishinda London na Chicago, na mwaka 2010 akashinda Chicago tena. Mara mbili mfululizo alijinyakulia zawadi ya dola 500,000 inayotolewa kwa mkimbiaji bora wa marathoni kubwa za dunia. Tukumbushane kwamba Filbert Bayi wetu alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, riadha ilikuwa ya ridhaa. Alirudi na heshima na medali yake, basi. Wanjiru alirudi na mshiko wa kununua mashamba na majumba kabla hajafika miaka 25.

Desemba 2010 polisi walimkamata. Alishtakiwa kwamba alitishia kumuua mkewe, na kwamba alikuwa na bunduki ya AK-47 bila kibali. Aliyakana mashtaka. Februari 2011 mkewe akaondoa malalamiko yake, ikasemwa wamepatana. Usiku wa tarehe 15 Mei 2011 Wanjiru akafa. Kwa maelezo ya polisi, mke alirudi nyumbani akamkuta mumewe na mwanamke mwingine, akafunga mlango wa chumba na kuondoka, na Wanjiru akaanguka kutoka kwenye roshani. Alikuwa na miaka 24. Mama yake mzazi hakuyakubali maelezo hayo, akasema mwanawe ameuawa. Mazishi yakachelewa mpaka Juni kwa sababu ya ugomvi uliofika mahakamani, na zaidi ya mwanamke mmoja akajitokeza akisema yeye ndiye mjane.

Sasa mtafute mke katika habari hii. Mume anakumbukwa kwa Beijing. Mke, kama anakumbukwa, ni "yule aliyefunga mlango". Miezi mitano tu kabla ya hapo alikuwa amekwenda polisi kusema anatishiwa maisha. Jiulize, siku ile zile dola 500,000 zilikuwa zinamsaidia nini? Bunduki haiulizi akaunti ina shilingi ngapi.

Wanafunzi huniuliza, kama alitishiwa kweli, mbona aliondoa kesi? Swali zuri. Ya moyoni mwa mama yule siyajui, lakini wafanyakazi wote wa madawati ya jinsia watakwambia kwamba kuondoa malalamiko ni jambo la kila siku. Nyumba ni ya mume. Watoto wanamlilia baba. Wazee wanakuja kusuluhisha, wanasema mambo ya ndani yamalizwe ndani. Na mke wa bingwa ana mzigo mmoja zaidi ambao jirani yako hana. Anayemshtaki mume wa kawaida anagombana na ukoo mmoja. Anayemshtaki bingwa wa Olimpiki anagombana na nchi nzima, ambayo inataka mtu wake akafanye mazoezi ailetee dhahabu nyingine.

"LAKINI SI ALIFUATA PESA?"

Hoja hii haikosekani. Eti aliyeolewa na staa alijua anachokifuata, kwa hiyo avumilie na kinachoambatana nacho. Wapo kweli wanaofuata pesa, tusidanganyane. Hata hivyo wengi waliwapata wenzao kabla ya umaarufu, wakati huyo bwana bado anafanya mazoezi na raba zilizotoboka. Halafu hata kama alifuata pesa, tangu lini kosa la kupenda pesa likaadhibiwa kwa kipigo au kwa ugonjwa? Mwanamume akioa kwenye familia yenye mashamba makubwa hatusemi avumilie kutishiwa bunduki.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi cha tajiri nacho kina kunguni, tena wanajificha vizuri kwa sababu shuka ni safi.

PESA SIYO KONDOMU

Twende Marekani kidogo, kwa sababu kule kuna kisa ambacho kila klabu ya afya inapaswa kukijua. Earvin Johnson, anayeitwa Magic, alikuwa mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa mpira wa kikapu, katika timu ya Los Angeles Lakers. Septemba 1991 alifunga ndoa na Cookie. Tarehe 7 Novemba 1991 aliita waandishi wa habari akawaambia ana virusi vya UKIMWI na anaacha mchezo. Ndoa ilikuwa haijafikisha hata miezi miwili, na bibi harusi alikuwa na mimba changa.

Mwanamke huyu alikuwa na pesa, umaarufu, pete na mume anayependwa na dunia nzima. Alichokosa ni habari moja tu, kwamba mumewe alikuwa ameambukizwa kwa kufanya ngono na wanawake wengine bila kinga. Kwa bahati njema Cookie alipopimwa hakuwa na virusi, na mtoto wao aliyezaliwa mwaka 1992 hakuwa navyo pia. Nasema bahati, kwa sababu dawa tulizonazo leo hazikuwepo. Magic mwenyewe ametumia dawa tangu wakati huo na ameishi zaidi ya miaka 30 baada ya siku ile. Wengi waliopimwa mwaka ule ule hawakufika mbali hivyo.

Hapa pana somo la baiolojia. Virusi havitambui cheo cha mtu wala unene wa pochi. Vinapita katika damu, shahawa, majimaji ya ukeni na maziwa ya mama. Mama mwenye virusi asipopata dawa, uwezekano wa kumwambukiza mtoto katika mimba, uzazi na kunyonyesha ni kati ya asilimia 15 na 45. Akitumia dawa vizuri, unashuka chini ya asilimia 5. Mtu anayetumia dawa kila siku mpaka virusi vikawa vichache kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Kipimo nacho kina mtego wake. Aliyeambukizwa juzi anaweza kuonekana hana, kwa hiyo wachumba wapime, watumie kondomu au wasubiri, kisha warudie baada ya miezi 3. Na tangu mwaka 2019 sheria ya Tanzania inakuruhusu kupima kwa hiari yako mwenyewe ukiwa na miaka 15, huhitaji kwenda na mzazi. Hapa Ifakara unaweza kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransis, na vituo vya afya na zahanati za karibu nawe zinapima pia.

MAMA WA KWENYE DUNGU

Sasa turudi bondeni, kwa yule mama anayepalilia majini, maana wanaounga mkono mada wanamtumia kama rungu la kumpigia mke wa staa.

Mpunga ukianza kutoa masuke, mama huyu anahamia shamba. Anakaa kwenye dungu akiamia ndege, wiki baada ya wiki, pengine na mtoto mgongoni, mbali na zahanati, mbu wakimfaidi. Baba anakwenda na kurudi mjini kwa baiskeli au bodaboda. Mavuno yakifika, magunia yanauzwa. Upande wa Kidatu ni hivyo hivyo kwa wakulima wa miwa. Kiwanda kinasaga, malipo yanapita kwenye akaunti ya chama cha msingi, na jina lililoandikwa kule mara nyingi ni la baba. Ghafla kuna pesa ambazo nyumba haijaziona kwa mwaka mzima. Ndipo utasikia fulani kapanga chumba Viwanja Sitini, kapata "mke wa msimu". Pesa zikiisha, anarudi nyumbani. Pengine hakurudi peke yake, amekuja na ugonjwa.

Tazama vizuri. Pesa zimekuja kwa mkupuo, tena kwa msimu. Mume yuko mbali na nyumbani. Sifa na marafiki wapya wanamzunguka mwenye pochi, na mke anapata habari mwisho kabisa. Hayo niliyoyaandika ni maisha ya mke wa mkulima wa mpunga au ya mke wa mchezaji wa ligi ya Ulaya? Ni ya wote wawili. Tofauti ni idadi ya sifuri kwenye hundi. Na ukitaka kujua hali ya mmojawapo, maswali ni yale yale. Jina la nani liko benki? Akisema "leo tutumie kondomu" atasikilizwa au atapigwa? Akiamua kuondoka, ana pa kwenda?

Kwa hiyo anayemdharau mke wa staa kwa sababu ya mama yake, bila kujua, anamdharau na mama yake. Akishasema kwamba mwanamke mwenye nguo nzuri hana haki ya kulalamika kwa kipigo, kesho baba mwenye duka pale Kibaoni atamwambia mkewe: "Wewe unakula, unavaa, unalia nini?" Maneno hayo mmeyasikia. Wengine mmeyasikilizia kwenye ukuta wa chumba cha pili.

Naijua hoja inayokuja: yaani hawa wawili ni sawasawa? Hapana, hata kidogo. Mke wa tajiri akiamka saa nane za usiku na jicho limevimba, anaweza kumpigia simu wakili, akapanda gari, akalala hotelini, akatibiwa bila kupanga foleni. Mama wa kwenye dungu anatafuta kwanza nauli. Ndiyo maana nikiulizwa fedha za mradi ziende wapi, jibu langu halichukui hata dakika: kwa mama wa dungu, zote. Lakini swali la mdahalo halikuwa fedha ziende wapi. Lilikuwa la huruma. Lugha yetu yenyewe imeshalijibu kwa namna yake. Tunasema "pole na safari" bila kuuliza umesafiri kwa treni ya TAZARA daraja la tatu au kwa Land Cruiser. Tunasema "pole na kazi" kwa mwenye jembe na kwa mwenye kalamu. Pole haikatwi kwenye bajeti ya mtu mwingine.

NA WAUME JE?

Katika midahalo yote hiyo wanafunzi wanazungumza kana kwamba mwanamichezo tajiri ni mwanamume tu. Soma mada tena. Imesema "wake na waume".

Agnes Tirop wa Kenya alikuwa na medali mbili za shaba za mita 10,000 za mashindano ya dunia, za mwaka 2017 na 2019. Septemba 2021 huko Ujerumani aliweka rekodi ya dunia ya kilometa 10 za barabarani kwa mbio za wanawake peke yao, dakika 30 na sekunde 1. Mwezi uliofuata, tarehe 13 Oktoba, alikutwa ameuawa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji hayo, akakana. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris Agosti 2024. Tarehe 1 Septemba mwanamume aliyekuwa mpenzi wake alimmwagia petroli na kumchoma moto nyumbani kwake, Trans Nzoia, Kenya. Alifariki siku nne baadaye katika hospitali ya Eldoret, na yule mwanamume naye akafa kwa majeraha ya moto ule ule. Walikuwa wakigombania kiwanja alichokuwa amejenga Rebecca.

Kwa wavulana mnaosoma hapa, nazungumza nanyi kama kaka yenu. Mwanamume ambaye mkewe anamzidi kipato hupata kejeli nyingi. Ataitwa marioo, ataambiwa "umeolewa", hata ndugu zake watamcheka. Kejeli hizo zinauma kweli, na huyo bwana anastahili pole yangu kama wengine. Lakini pole haimpi ruhusa ya kushika kadi ya benki ya mkewe, kuandika mashamba kwa jina lake au kuinua mkono. Akifika hapo, huruma yangu inahama upande wa pili wa kitanda.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Haikusema "isipokuwa kama anamlisha vizuri". Kifungu cha 59 kinakataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzako. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja ndoa inapovunjika.

Juhudi za pamoja ni zipi? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Aliyepika, aliyefua na aliyelea watoto mume akiwa kazini naye amechuma. (Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu mahakama iliona alishapewa fedha na mumewe akazitumia ovyo. Kanuni aliyoiacha ndiyo inayowasaidia wengine mpaka leo. Mambo ya mahakama hayo!)

Ukiona au ukipata ukatili, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Mtoto au mtu yeyote anayejua mtoto anaumizwa apige simu 116, ni bure. Aliyebakwa awahi hospitali ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia maambukizi ya virusi hazifai tena baada ya hapo.

KAZI YA KLABU

Jigaweni makundi ya watu watano, mkae nusu saa na kisa hiki. Binti wa kidato cha tatu hapa Ifakara, miaka 17, anaposwa na mchezaji wa timu ya ligi kuu aliyekuja likizo kwao. Ameleta simu mpya, ameahidi kumjengea mama nyumba ya bati. Mama amekubali. Shangazi anasema bahati haiji mara mbili. Rafiki zake pale kibanda umiza wameshaanza kumwita "mke wa staa".

Kabla hamjaanza, jueni mambo mawili. Kifungu kilichoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi kilitamkwa na Mahakama Kuu mwaka 2016 kuwa kinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Na tangu mwaka 2016 kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari ni kosa linaloweza kumpeleka mtu jela miaka 30.

Kundi la kwanza liandike nini binti amwambie mama yake, kwa maneno ambayo mtoto anaweza kweli kumwambia mama, bila matusi. Kundi la pili lichukue kwamba amemaliza kidato cha sita, ana miaka 20, na bado anampenda. Je, amwulize nini mchezaji huyo kuhusu kupima, akaunti ya benki, hati ya nyumba na masomo yake? Kundi la tatu, na hili liwe la wavulana watupu, limzungumzie mchezaji mwenyewe. Ana miaka 23, mkataba wa miaka miwili, na goti linalouma. Miguu ikimgomea, nani atabaki naye, na ameandaa nini? Tuleteeni majibu kwenye kikao kijacho cha klabu, yakiwa na jina la shule na umri wa kila aliyeshiriki.